Nabii Mikononi mwa Wanasiasa: Sakawa, Rama na Dhima ya Mhakiki wa Fasihi Simulizi

Kuna dhana moja iliyojikita katika idara zetu za fasihi ambayo makala haya yanakusudia kuipinga bila kuuma maneno. Dhana yenyewe ni kwamba kazi ya mtafiti wa fasihi simulizi ni kuyakusanya masimulizi ya jamii fulani, kuyachuja, kisha kuikabidhi jamii hiyo toleo moja "sahihi" la historia ya mashujaa wake. Wanaoishikilia dhana hii ni watu wenye nia njema. Husema kwamba jamii zilizodhalilishwa na ukoloni zinahitaji mashujaa, na kwamba shujaa mwenye sura kumi hawezi kuchongewa sanamu. Mimi nadai kwamba toleo hilo moja, likishatoka mikononi mwetu, hugeuka silaha, na kwamba hatuna haki ya kujitia hamnazo tunapoliona likitumika. Ushahidi wangu nitautoa Kisii na Nyamira, ninakokujua, na India, ambako maafa ya jambo hili yamekwisha kuonekana kwa macho.

Nianze na India. Kisa cha Rama, mwana wa mfalme aliyefukuzwa kwao, akanyang'anywa mkewe na kumrejesha kwa vita, kimesimuliwa, kuimbwa na kuigizwa Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki kwa karne nyingi mno. Ipo Ramayana ya Kisanskriti inayonasibishwa na Valmiki, ipo ya Kitamil ya Kampan, ipo ya Tulsidas, zipo za Wabudha na za Wajaini. Katika masimulizi ya Wajaini, Ravana, yule adui aliyemteka Sita, si zimwi hata kidogo, na anayemuua si Rama. Zipo pia nyimbo za wanawake wa vijijini zinazomlilia Sita kuliko zinavyomsifu mumewe. Msomi A. K. Ramanujan aliliandikia jambo hili insha iliyochapishwa mwaka 1991, akizungumzia Ramayana mia tatu na kukataa kuiita mojawapo asili na nyingine zote potofu.

Lakini kabla ya insha hiyo kuchapishwa, siasa ilikuwa imekwisha kuchagua Ramayana yake. Kuanzia Januari 1987, televisheni ya serikali ya India ilionyesha Ramayana moja kila Jumapili asubuhi, na nchi nzima ikaitazama. Sidai kwamba mchezo wa televisheni pekee ulileta maafa. Hata hivyo, uliwapa wanasiasa kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho, yaani hadhira moja kubwa yenye Rama mmoja. Septemba 1990, L. K. Advani wa chama cha BJP alianza msafara kutoka Somnath kuelekea Ayodhya, akiwa juu ya Toyota iliyopambwa ikafanana na gari la vita la mashujaa wa kale. Dai lake na la wenzake lilikuwa kwamba Msikiti wa Babri, uliojengwa katika karne ya 16, umekalia mahali hasa alipozaliwa Rama. Tarehe 6 Desemba 1992 umati uliubomoa msikiti huo, na katika ghasia zilizofuata watu wapatao 2,000 waliuawa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua ardhi hiyo ijengwe hekalu, ingawa ilikiri kwamba kuubomoa msikiti kulivunja sheria. Tarehe 22 Januari 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi alishiriki mwenyewe katika ibada ya kulifungua hekalu hilo.

Hata hivyo, tukio ambalo mhakiki wa fasihi hana budi kulitafakari zaidi ni dogo kuliko hayo yote. Mwaka 2008 wanaharakati waliivamia idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Delhi kwa sababu ya insha ile ya Ramanujan, na mwaka 2011 chuo chenyewe kiliiondoa katika mtaala. Watu hawakuvamia idara kwa sababu ya insha iliyomtukana Rama, kwa kuwa haikumtukana. Waliivamia kwa sababu ya insha iliyosema kwamba Rama ni wengi. Nadhani watu wale waliielewa nadharia ya fasihi simulizi kuliko baadhi yetu tunaoifundisha.

Msomaji wa Kisii au Nyamira huenda akauliza: Rama na sisi wapi na wapi? Hatuna Ayodhya. Ni kweli. Lakini tunaye Sakawa, ambaye wengine humwita Sakagwa, na tuna mpaka.

Sakawa aliishi Kitutu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Masimulizi yanamkumbuka kuwa mwaguzi na mganga wa vita aliyetabiri kuja kwa watu weupe, akawaonyesha wenzake mahali ambapo mji wa Kisii ungejengwa, kisha akatoweka yapata 1902. Wapo waliongoja arudi. Septemba 1914, Waingereza walipouhama mji wa Kisii kwa kuwahofia Wajerumani waliokuwa wakija kutoka kusini, watu waliingia mjini wakapora ofisi, maduka ya Wahindi na misheni za jirani. Wanahistoria wanatueleza kwamba baadhi yao waliona bishara ya Sakawa imetimia. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa bunduki na kwa kutwaa ng'ombe.

Tazama kwanza jina la cheo tunalompa. Ekegusii kina msamiati mpana wa watu wa namna hii. Yupo omoragori, anayeagua chanzo cha maradhi na misiba, na wapo wengine wenye kazi zao mbalimbali za mvua, za kinga na za vita. Sisi wa Kiswahili tumewatia wote katika gunia moja lililoandikwa "nabii". Neno hili lina asili ya Kiarabu, lakini Gusii liliingia kwa mlango wa Biblia, baada ya Wakatoliki kufungua misheni Nyabururu mwaka 1911 na Waadventista kufungua yao Nyanchwa mwaka 1912. Mtu akishaitwa nabii, hukabidhiwa na majukumu ya nabii wa Biblia. Ndivyo Sakawa alivyokuja kusimuliwa katika hotuba na mahubiri kama Yohana Mbatizaji wa Kigusii, mwenye kuwatengenezea wamishenari njia, ilhali misheni hizo hizo ziliporwa mwaka 1914 na watu ambao baadhi yao waliamini kwamba wanaitimiza bishara yake. Mwanasiasa anayekwenda kanisani Jumamosi kwa Waadventista na Jumapili kwa Wakatoliki hawezi kumbeba Sakawa mporaji. Anambeba yule Mbatizaji.

Mambo ni hayo hayo kwa Misiri. Masimulizi ya Wagusii, kama ya baadhi ya majirani zao, yanataja mahali paitwapo Misiri kuwa chimbuko la jamii, na wanahistoria, akiwamo William Ochieng', wamelijadili jambo hili kwa tahadhari inayostahili. Majukwaani tahadhari hiyo haipo. Misiri ni Misri ya Farao, kwa hiyo sisi ni Waisraeli, kwa hiyo anayesimama jukwaani ni Musa. Mwaka 2017 taifa zima lilisikia habari za Yoshua na Kanani katika kampeni za urais, na hapakuwa na haja ya kumfafanulia mtu yeyote.

Lakini kosa kubwa zaidi dhidi ya Sakawa ni lile la kumfanya mali ya kabila. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego, katika nchi ya Wajaluo, alisimulia jinsi alivyomezwa na joka la ziwani lililojiita Mumbo na kupewa ujumbe wa kuikataa dini ya wazungu pamoja na utawala wao. Dini hiyo ilienea hadi Gusii, ikashika mizizi huko kwa miaka mingi, na wafuasi wake wakaliunganisha jina la Mumbo na matumaini ya kurudi kwa Sakawa. Serikali iliwafunga na kuwahamishia mbali viongozi wake. Mambo haya yameandikwa na Bethwell Ogot na Ochieng', na yameandikwa na Audrey Wipper katika kitabu chake cha mwaka 1977. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba katika kipindi ambacho jina la Sakawa lilimtisha mkoloni kuliko wakati mwingine wowote, lilikuwa limebebwa na dini iliyoanzia kwa jirani. Tafuta jambo hili katika hotuba yoyote inayomtaja Sakawa kama nabii wa kura za Wagusii. Hutalipata. Limekatwa, kwa sababu Sakawa aliyeshirikiana na Mumbo hawezi kutumiwa kumwambia Mgusii kwamba Mjaluo ni adui yake.

Kwa Moraa na Otenyo nitapita haraka, maana habari zao zinajulikana zaidi. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere, kwa kuhimizwa na mwaguzi Moraa Ngiti, alimchoma mkuki ofisa Mwingereza G. A. S. Northcote. Northcote hakufa, aliishi akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na masimulizi yanasema kichwa chake kilipelekwa Uingereza, jambo ambalo limezua madai ya kukirejesha. Msafara wa adhabu uliofuata uliua watu wengi kiasi cha kumfanya hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri katika Wizara ya Makoloni, alalamike. Ni tukio la kishujaa na sina nia ya kulipunguza. Ninachouliza ni kwa nini toleo linalosimuliwa siku za sherehe huwa na pande mbili tu, Mgusii na Mzungu. Wako wapi Wagusii waliosimama na serikali, wakapewa ukuu wa kijiji na uchifu, na ambao mali yao ilianza kujengeka hapo? Toleo lenye pande mbili linamruhusu kila mwenye uwezo kujifanya mjukuu wa Otenyo.

Sasa nije kwenye mpaka, ambapo suala hili linahusu uhai na mauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wagusii waliwashinda Wakipsigis katika vita karibu na mto Charachani, upande wa Nyamira ya leo. Wagusii huviita vita hivyo Saosao, na ushindi wake humpa sifa Sakawa. Wakipsigis wanavikumbuka kwa jina la Mogori, na kwao ni kilio kikubwa. Kwa mtafiti wa fasihi hii ni hazina adimu: tukio moja, tanzu mbili, majigambo huku na maombolezo kule. Kwa mwanasiasa ni kiberiti. Mpaka wa Borabu na Sotik uliona mapigano katika miaka ya 1990, siasa ya vyama vingi iliporejea, na ukayaona tena mwanzoni mwa 2008 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakahama wasirudi. Miongoni mwa makundi yaliyopigwa marufuku na serikali mwaka 2002 lilikuwamo Chinkororo, kundi lililojinasibisha na ulinzi wa mipaka ya Wagusii. Sisemi kwamba vijana wale walikwenda vitani kwa sababu ya kisa cha Saosao. Walikwenda kwa sababu ya ardhi, ng'ombe na pesa za wakubwa. Ninachosema ni kwamba walipotafuta maneno ya kujitambulishia kwa nini wako pale usiku na pinde mikononi, maneno yalikuwa tayari, yamepangwa vizuri, na baadhi yake yalipangwa na watu kama mimi.

Nalisema hili kwa sababu nimelifanya. Miaka kadhaa iliyopita mtu wa kampeni, ambaye sina haja ya kumtaja, aliniomba nimwandikie ukurasa mmoja juu ya bishara za Sakawa. "Zile zinazofaa tu, daktari," alisema. Nilikuwa na kaseti na madaftari ya wanafunzi waliokusanya masimulizi ya Saosao, na miongoni mwake mlikuwa na simulizi la mwanamke mzee wa upande wa Borabu ambaye, kila alipofika kwenye ushindi, aliacha habari za wapiganaji akaanza kuhesabu watoto wa Kipsigis waliookotwa, wakalelewa na kuoza na kuolewa katika koo za Kigusii. Simulizi lake halikufaa. Niliandika ukurasa wenye Sakawa mmoja, ushindi mmoja na adui mmoja. Baadaye niliusikia, karibu neno kwa neno, katika mkutano wa hadhara, na watu wakapiga makofi.

Mwanamke yule hakuwa akizua jambo geni. Historia ya Gusii imejaa abamenyi, yaani watu wa kuja waliopokewa katika ukoo wenye ardhi hadi wakawa sehemu yake, na Kitutu yenyewe, kwao Sakawa, ilikua ikawa kubwa kwa kuwapokea watu hao. Simulizi lake lina ushahidi mwingi kuliko ukurasa wangu. Nililitupa kwa kuwa liliharibu mdundo wa hotuba.

Sisi watu wa Kiswahili hatuna kisingizio cha kutojua, kwa sababu tunayo tamthilia ambayo imelieleza jambo hili tangu mwaka 1969. Katika Kinjeketile, Ebrahim Hussein anamsawiri nabii wa Maji Maji kama mtu ambaye neno lake limemtoroka. Pepo Hongo anasema kupitia kinywa chake kwamba Waafrika watakuwa watoto wa Seyyid Said, na Kinjeketile, akili zikimrejea, anatambua kwa hofu kwamba ujumbe wa ukombozi umebeba ndani yake utumwa mwingine. Hawezi kuurudisha. Watu wanataka maji, na viongozi wanataka watu. Tumeifundisha tamthilia hii kwa miongo, tumewauliza wanafunzi maswali ya wahusika na ya tamathali za usemi, kisha tumetoka darasani tukaenda vijijini kuwatafuta manabii na kuwakabidhi kwa viongozi wakiwa wamepigwa pasi.

Nayajua majibu ya wenzangu. La kwanza ni kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walimjenga Kimathi kwa makusudi katika Mzalendo Kimathi, na hakuna aliyewalaumu kwa kuchagua. Kweli walichagua. Lakini walichagua hadharani, kwa majina yao, katika utanzu ambao kila mtazamaji anajua kuwa ni sanaa, na hakuna aliyemzuia mwingine kuandika Kimathi wake. Mkusanyaji wa fasihi simulizi anayechuja matoleo tisa akachapisha la kumi kwa jina la "Wagusii" hajafanya kama wao. Ameficha mkono wake, akaisingizia jamii nzima sauti ambayo ni yake.

Jibu la pili ni zito zaidi. Iwapo matoleo yote yana haki ya kuwapo, toleo la mwanasiasa litakosaje haki hiyo? Je, Advani naye si fanani? Hapa ndipo wanapokosea wanaodhani kwamba kuutetea wingi wa matoleo ni kukubali kila kitu. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 katika Mulika, alitufundisha kuitazama fasihi simulizi kama tukio lenye fanani, hadhira, mahali na wakati. Kipimo hicho kinatosha. Fanani wa kijijini husimulia mbele ya hadhira inayoweza kumkatiza, kumsahihisha, hata kuondoka na kwenda kusimulia vingine. Toleo la jukwaani hudai kwamba halina fanani, kwamba ni historia yenyewe inayosema, na aliyekatiza ni msaliti. Toleo linalojengwa kwa kuyanyamazisha mengine limejitoa lenyewe katika fasihi simulizi, na linapaswa kuhakikiwa kama propaganda. Zaidi ya hayo, yapo mambo yasiyotegemea toleo. Dini ya Mumbo ilikuwapo. Misheni ziliporwa. Msikiti ulisimama Ayodhya kwa zaidi ya miaka 400.

Hatari imeongezeka katika siku zetu. Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti dhamana ya shughuli za utamaduni, jambo ambalo nililifurahia na bado nalifurahia. Lakini bajeti ya utamaduni hupenda sanamu moja, kitabu kimoja na siku moja. Sherehe za kitaifa za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba 2020 zilifanyika Uwanja wa Gusii mjini Kisii. Kesho yake, katika mji huo huo, ripoti ya BBI ya kuirekebisha katiba ilikabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Mashujaa leo, katiba kesho. Kila atakayetaka kitu kutoka kwa Wagusii ataanzia kwa mashujaa, na atakuja kwetu kutuuliza ni akina nani na walisema nini.

Tutakapoulizwa, tujibu kwa kumpa kaseti zote. Tusimpe muhtasari. Simulizi la Saosao lichapishwe pamoja na simulizi la Mogori, katika kitabu kimoja, Ekegusii na Kikipsigis na tafsiri ya Kiswahili ya yote mawili, na kila fanani aelezwe alisimulia wapi, lini na mbele ya nani. Mwanafunzi wa Borabu aende Sotik na wa Sotik aje Borabu, wakarekodi. Kazi hiyo haitamfurahisha mtu yeyote wa kampeni, na itachukua miaka.

Kuna jambo jingine ambalo halihitaji miaka wala fedha. Katika karatasi za mtihani wa fasihi simulizi nilizosahihisha mwenyewe, kuna swali linalorudi mara kwa mara kwa maneno yanayokaribiana: mwanafunzi anatakiwa kueleza kisa sahihi cha shujaa wa jamii yake. Nimewahi kumkata alama saba msichana wa Nyamira aliyeandika visa vitatu vya Sakawa na kukataa kuchagua kimoja. Pembeni niliandika kwa wino mwekundu kwamba hajajibu swali. Alikuwa amelijibu. Swali hilo lifutwe kabla ya mtihani wa muhula ujao, na mimi nitaanza na karatasi yangu.